Jibu: Picha ya Volvo namba 1 ya Safari, ni ya mwaka gani na niiskani vipi?

Mkuu, kuhusu hiyo picha ya Volvo PV544 yenye namba 1 kwenye mbio za magari za Safari, anza na kibao cha mashindano kilicho mbele ya gari. Mashindano yaliitwa Coronation Safari tangu 1953, yakawa East African Safari kuanzia 1960. Kisha oanisha gari na namba: Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda 1965 kwa PV544 namba 1. Namba peke yake haitoshi, maana hugawiwa upya kila mwaka. Gari likiwa safi bila tope, huenda lilipigwa picha kabla ya kuanza au kwenye maonyesho ya baadaye, kwa hiyo usiandike "1965" haraka.

Geuza picha uone nyuma pia. Muhuri wa studio au maandishi ya penseli mara nyingi yana thamani kuliko sura yenyewe. Skani pande zote mbili.

Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inatosha nukta 600 kwa inchi. Negativu (filamu) ya milimita 35 inahitaji 2400 hadi 3200. Hifadhi kama TIFF (aina ya faili lisilopunguza ubora wa picha), na uzime kiondoa vumbi cha skana: kwenye picha nyeusi-nyeupe zenye fedha kile cha miali ya infraredi huharibu picha. Vumbi lipulizie kwa kipulizio cha mpira, si mdomo, mate yanaacha madoa.

Kama picha imeganda kwenye kioo cha fremu, usiibandue kabisa! Tabaka la juu litabaki kwenye kioo. Iskani hapohapo ikiwa na kioo chake.