Nilihesabu Pupa kwa Pupa

Juzi dada mmoja wa Kitere, Mtwara, kanitumia picha: vidudu vimejikunja juu ya kiganja, kavichota kwenye maji ya mpunga. "Kaka, hizi si pupa za mbu?" Yaani kile kidudu cha majini ambacho kiluwiluwi hugeuka kabla ya kuwa mbu. Nikacheka, kisha kicheko kikanikwama kooni. Swali hilo hilo liliniaibisha mbele za watu pale Lindi.

Nilikuwa kibarua wa kukusanya viluwiluwi na pupa za mbu. Siku hiyo nilipata pupa 41 kwenye dimbwi moja, nikajiona fundi. Nikazitandaza kwenye karatasi nihesabu upesi, nikaandika zote "mbu", nikazirudisha kichupani. Jioni msimamizi akazimimina kwenye sahani nyeupe yenye maji. Kifuani mwa kila pupa vishada viwili vya nyuzi nyeupe vikafunguka taratibu, kama pamba inayochambuliwa. "Wewe, mbu gani ana ndevu?" Wenzangu walishika mbavu. Jina la Ndevu nikakaa nalo mpaka mkataba ukaisha, na mpaka leo linaniuma, maana hakuna aliyekuwa amenionyesha.

Ndevu zile ndizo pumzi za pupa ile, na si ya mbu. Ni ya usubi wa jamii ya Chironomus, mdudu anayefanana na mbu ila asiyeuma mtu. Pupa yake hukaa topeni ikivuta oksijeni iliyomo majini. Pupa ya mbu huvuta hewa ya juu kwa vitarumbeta viwili, ndiyo maana hung'ang'ania usoni pa maji, na ukiishtua inabiringika kwenda chini. Ukiitoa ya usubi majini, nyuzi hulala zikagandamana kama nywele zilizoloa. Karatasi yangu ndiyo iliyoniponza.

Ila usitambe mapema. Usubi wa kundi la Tanypodinae nao wana vitarumbeta, na wanaogelea vizuri tu. Hapo tazama mkiani kwa lenzi: mbu ana makasia mawili mapana yenye mshipa katikati. Bado una shaka? Tia kwenye chupa yenye maji, funika kwa kipande cha chandarua, ngoja siku mbili tatu. Atakayetoka na mrija mrefu mdomoni ndiye mbu.

Ninyi mnaozitaka kazi hizi, acheni haraka. Tazameni kidudu kikiwa majini. Majini, jamani!

Yule dada nilimwambia atafute sahani nyeupe, atie maji, apige tena. Picha ya pili imeingia usiku, na maneno mawili: "Zina ndevu."