Mwalimu anayetaka kuingia kazi ya masomo ya mtandaoni Bukavu aanzie wapi?

Ndugu mwalimu, umeuliza kama ujifunze kwanza Moodle, yaani programu ya kuendeshea kozi na mitihani kwa kompyuta, au kutengeneza video. Kwa ninavyoijua kazi hii hapa Bukavu, vyote viwili vinaweza kungoja. Anza na mega za intaneti anazonunua mwanafunzi na umeme wa shule, maana hapo ndipo miradi mingi hufia.

Piga hesabu kabla ya kurekodi. Sauti tupu ya kilobiti 64 kwa sekunde, dakika kumi, ni mega 4.8. Video ya 480p (ubora wa chini) ya kilobiti 400 kwa sekunde, pamoja na sauti hiyo, inakaribia mega 35. Mtoto wa mtaa wa Kadutu hapa mjini hununua mega kidogokidogo: sauti na picha tatu za ubao zinazosomeka atazifungua, video ataiacha. Video ibaki kwa kinachohitaji kuonekana kikitembea, kama jaribio la kemia.

Shuleni weka seva ndogo isiyohitaji intaneti: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo sana) yenye Kolibri, programu ya masomo bila intaneti, na Kiwix kwa ajili ya kusoma Wikipedia bila intaneti. Kolibri ina masomo ya Khan Academy kwa Kifaransa. Ni mazuri, ila hayafuati mtaala wetu wa Kongo, kwa hiyo yapange upya sura kwa sura. Kazi hiyo ni ya mwalimu, fundi wa kompyuta hawezi kukufanyia.

Kwenye seva hiyo, kinachokufa mara nyingi ni kadi ya kumbukumbu. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na chaja ya kawaida ya simu haizifikishi. Umeme ukikatika kadi ikiwa inaandika, faili zinaharibika na seva haiwaki tena. Weka betri, na nakala ya kadi nzima ikae kabatini. Wi-Fi ya ndani ya Pi haibebi darasa zima, unganisha ruta kwa waya.

Tena, Pi 4 haina betri ya saa. Ikiwashwa bila intaneti inarudi na tarehe ya zamani, na ukiwa umeweka Moodle humo, mtihani uliowekewa saa ya kufunguliwa unakataa kufunguka. Watu huilaumu Moodle bure! Moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ndogo ya CR2032 inalimaliza tatizo hilo.

Ukifika kwenye Moodle yenyewe, anza na benki ya maswali na kuhifadhi nakala ya kozi, kisha jaribu kuirudisha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine kabla wanafunzi hawajaingia.