Mnauliza, najibu: walioomba wakafungwa

Picha ya Yesu iliyoko sebuleni kwetu, yule wa sinema, ndiyo sura yake halisi?

Kama ni yule wa filamu ya mwaka 1979, ni Brian Deacon, mwigizaji wa Uingereza. Mshushe ukutani.

Vijana wa kanisa letu waliangalia Facing the Giants, wakafunga siku tatu kabla ya fainali. Tukapigwa nne bila. Imani ilipungua wapi?

Haikupungua. Labda beki. Filamu hiyo ya 2006 ni kazi ya kanisa la Sherwood Baptist, Albany, Georgia, kwa takriban dola 100,000 na waumini waliojitolea kuigiza. Heko zao. Lakini iangalieni vizuri. Kocha anafundisha: tukishinda tutamsifu Mungu, tukishindwa tutamsifu. Sawa kabisa. Kisha anatwaa ubingwa, anapewa gari jipya, na mkewe aliyehangaika kwa miaka anapata mimba. Hata walipofungwa kwenye mtoano, wakarudishwa kwa ushindi wa mezani! Shadraka na wenzake walisema Mungu aweza kuwaokoa, "bali kama si hivyo" hawataabudu sanamu, wakiwa bado mbele ya tanuru, hawajui yatakayowakuta. Filamu zetu zinaruka maneno hayo. Na msimu ujao akija mtu kuwadai sadaka ya mbegu ili mfunge mabao, mwonyesheni mlango.

Naomba link ya filamu za Kikristo za bure.

Kutoka 20:15: "Usiibe." Wiki hii mko sita mliouliza.

Filamu ya Breakthrough ni kweli au chumvi?

Kisa ni cha kweli. John Smith, miaka 14, alizama chini ya barafu huko Missouri, Januari 2015. Mapigo ya moyo yalirudi mama yake alipomlilia Mungu hospitalini. Madaktari pia watakuambia baridi kali huukinga ubongo unapokosa oksijeni. Sioni kwa nini muumini aogope kusikia hilo. Ninachoogopa mimi ni mama aliyeomba vilevile akazika mwanawe, halafu anaonyeshwa filamu hii kama somo.

Mume wangu ananipiga. Wenzangu wa maombi wanasema nivumilie, nimwombee kama mama wa War Room.

Wameangalia filamu gani? Mume wa War Room anaiba dawa za kampuni na kunyemelea mwanamke mwingine, hampigi mkewe. Chumba cha ndani cha kuombea cha Mathayo 6 hakikuwekwa ili ufungiwe humo na anayekuumiza. Omba ukiwa njiani kwenda dawati la jinsia, kituo cha polisi. Wakikupa PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Watoto uwe nao.