Kadi ulishaifungua? Yaliyonikuta Istanbul na hela zangu zikiwa benki

Juzi usiku nimepata meseji ya mdada mmoja ana duka la nguo za watoto Mbagala. "Dada shikamoo, mwezi ujao naenda Uturuki kufunga mzigo mara ya kwanza, nimeambiwa nisibebe dola nyingi nitatoa huko huko kwa kadi, eti ni kweli inakubali?" Nilitaka nimjibu mistari miwili nilale, nikashindwa, maana hilo neno "inakubali" limenigusa kwenye kidonda. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, inakubali.

Ilikuwa 2023, wenzangu wa Kariakoo mnakumbuka dola zilivyoadimika mwaka ule, unaenda duka la kubadilishia fedha unaambiwa njoo kesho, kesho ukienda unaambiwa tukupe mia mbili tu. Mimi nikajiona mjanja kuliko wote. Hela yote nikaiacha benki, shilingi milioni kumi na moja na ushee, nikabeba kadi na dola 140 za teksi na za kula. Kadi ina nembo ya Visa pale mbele, nimeshachanja nayo supamaketi Mlimani City sijui mara ngapi, kwa hiyo nikajua dunia nzima imeshakuwa yangu.

Nimefika Jumamosi jioni. Safari sisimulii, ndege ni ndege. Nimeacha begi hotelini Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla hapo Istanbul, nikashuka barabarani, mashine za ATM zimepangana ukutani kama nne tano, kila benki na rangi yake. Naingiza kadi, nachagua Kiingereza, namba ya siri, kiasi, ikafikiriaaa, ikatema kadi. Nikaenda ya pili. Ikatema. Ya tatu wala haikufikiria. Nyuma yangu kuna mzee wa Kituruki kashika mfuko wa mikate, akakohoa kidogo tu, yani ile kohoa ya kiungwana, nikasogea pembeni nikajifanya nasoma simu. Na simu yenyewe haina mtandao, laini yangu sikuiunga huduma ya kutumika nje.

Wifi nikaipata hotelini, nikatazama nyuma ya kadi kuna namba ya huduma kwa wateja. Inaanza na 0800. Zile namba za bure ukiwa nje ya nchi hazipigiki, mimi hilo nilijulia pale pale ukumbini kwa wahudumu wa hoteli, saa nne usiku. Na ningempata nani, Jumamosi? Saa za Istanbul na za Dar ni zile zile, kwa hiyo hata kujidanganya kwamba labda nyumbani bado mchana sikuweza.

Sasa hapa ndio pananiuma mpaka leo. Kwenye hoteli ile ile alikuwepo mwenzangu mmoja, tunafahamiana, fremu yake na yangu zimeachana milango minne. Nikamwambia shoga yangu niazime dola mia mbili tu mpaka Jumatatu, hela ninayo, nikamwonyesha na salio kwenye simu. Akaliangalia lile salio, akaniangalia na mimi, akasema "Zangu zina hesabu mwenzangu." Basi. Akaendelea kula mishikaki. Mtu ana milioni kumi na moja benki halafu anahesabu sarafu za kununulia simit, ule mkate wao wa duara wenye ufuta, Jumapili nzima nimeishi kwa huo na chai ya vile vigilasi vidogo. Na Jumapili Laleli maduka mengi yanafungwa kwa hiyo hata kwa kuzugia hakuna.

Jumatatu nikamtuma mdogo wangu tawini, wakamwambia hatuongei na mtu mwingine, mwenye akaunti aandike barua pepe kwa ile anwani aliyojazia fomu. Ile anwani niliifungua mwaka gani sijui, nywila nimesahau. Nikahangaika, nikaipata, nikaandika, saa saba mchana wakajibu kwa mstari mmoja: kadi yako haikuwa imefunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi, sasa tumeifungua.

Haikuwa imefunguliwa! Kitu cha kujaza fomu dakika tano Dar es Salaam, na siku hizi baadhi ya benki unafungua mwenyewe kwenye programu ya simu. Kwa hiyo mdogo wangu wa Mbagala, hilo ndio jibu lako. Nenda tawini kwa miguu yako, usimpigie yule dada unayemjua kaunta. Mwambie afisa naenda nchi fulani tarehe fulani mpaka fulani, naomba kadi ifunguliwe, na uulize kwa siku unaruhusiwa kutoa kiasi gani, kwa sababu kadi ina kikomo chake na mashine ya kule nayo ina cha kwake, usidhani milioni kumi inatoka kwa mkupuo. Chukua na namba yao ya kawaida inayoanza na +255. Sisi wanawake wa sokoni tunapenda kusema Mungu atafungua njia. Njia atafungua, kadi anafungua afisa wa benki.

Basi ile Jumatatu nikarudi ukutani kwa fujo, naomba lira elfu sita. Kabla haijatoa ikaniletea ukurasa, inaniuliza nataka kukatwa kwa lira au kwa shilingi ya Tanzania, na shilingi imeshapigiwa hesabu kabisa imeandikwa pale. Jamani nilivyoona shilingi yangu ugenini nilifurahi kama nimeona ndugu! Nikabonyeza shilingi. Zikatoka noti za mia mbili mbili thelathini, hiyo ndio noti yao kubwa kuliko zote na zote zina sura ya Atatürk, mwanzilishi wa nchi yao, nikazikunja nikatia kibindoni. Usiku nikapiga hesabu, nimeliwa kama elfu arobaini. Ule ukurasa ni biashara ya wenye mashine, wanakubadilishia wao kwa reti yao ambayo wameshaweka faida juu. Ukichagua hela ya nchi uliyopo, kubadilisha kunafanyika kwa reti ya Visa au Mastercard na benki yako inaongeza makato yake, bado inakuwa nafuu. Kuna mashine zinakutisha, zinakuandikia kama vile ukikataa muamala unafutika. Kataa tu, hela inatoka. Na ni hivyo hivyo Dubai, Uturuki, Ulaya, popote, hata dukani wakikupa kile kimashine cha kuchanjia wakauliza.

Halafu kuna makato ya mwenye mashine, haya yanatokea kwenye skrini kabla hujakubali. Ukiona yamezidi futa, nenda ya jirani. Na usitoe kidogo kidogo kama unanunua vocha, kila ukitoa unakatwa, toa mara chache kwa kiasi kikubwa, ukishafungua kadi lakini, nimeshasema.

Jumanne ndio ilinimaliza. Mashine ikahesabu hela, naisikia kabisa kule ndani inachambua noti, halafu kimya, kadi ikatoka, hela hakuna. Kwenye akaunti inasoma: umetoa. Bahati yangu ile mashine ilikuwa kwenye ukuta wa tawi lenyewe na lilikuwa wazi, siyo hizi zilizosimama peke yake karibu na kioski. Nikaingia ndani, kijana mmoja akaniandikia namba ya mashine na saa kwenye kikaratasi, akasema hawezi kurudisha pale pale, nikadai benki yangu. Kile kikaratasi nilikibana na pasipoti kama cheti cha ndoa. Nyie mnaotupa risiti chini pale ATM sijui mnawaza nini.

Siku hizi natembea na kadi za benki mbili, moja kwenye pochi, nyingine hotelini, na dola taslimu za kunisogeza siku tatu. Hapo uwanja wa ndege wa Dar, JNIA, ukivuka dola elfu kumi unatakiwa kutangaza, mimi sijawahi kufika huko hahaha. Nimeshaenda safari tano tangu ile na sijamuazima mtu.

Yule wa milango minne salamu tunapeana. Mwaka jana alikuja kuniuliza fomu ya kufungulia kadi inajazwaje, nikamwelekeza mpaka dirisha, namba sita, yule kaka mwenye miwani.

Na ile hela ya Jumanne ilirudi siku ya kumi na tisa, pungufu elfu tatu na mia mbili. Nikauliza pungufu ya nini, wakasema reti.