Kabla Hamjapeleka Ndege ya Mtu

Wanangu, nimewaona tena mkipokea ndege ya kupelekwa kwa mwenyewe na kusaini karatasi zote kabla hamjaizunguka hata mara moja. Ndiyo maana ninawaletea habari za Hazel Ying Lee, binti wa wahamiaji wa Kichina huko Portland, Marekani. Aliendesha lifti katika duka kubwa, kwa kuwa Mchina wa enzi hizo hakufunguliwa milango mingi ya kazi, akapata leseni ya urubani mwaka 1932. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na WASP, marubani wanawake waliotoa ndege za jeshi viwandani na kuzipeleka zilikohitajika, huku wenyewe wakihesabiwa raia, si wanajeshi.

1. Fungeni mikanda. Lee alipokuwa mafunzoni, mwalimu wake aliipindua ndege ghafla; mkanda haukukaza, akachomoka kitini, akashuka kwa mwavuli na kurudi kwa miguu akiuburura. Chekeni, lakini mikanda yenu nimeiona.

2. Someni kitabu cha ndege. Ndege za kivita alizopeleka baadaye zilikuwa na kiti kimoja tu, kwa hiyo siku ya kwanza kuirusha ndege ya aina hiyo rubani hakuwa na mwalimu wa kumwonyesha swichi.

3. Tembeeni na vitambulisho. Alipotua kwa dharura katika shamba huko Kansas, mkulima alimdhania Mjapani, akamkimbiza kuizunguka ndege kwa uma wa nyasi.

4. Redio. Hapa mnivumilie. Novemba 1944 Lee alikabidhiwa ndege ya kivita aina ya P-63 Kingcobra katika kiwanda cha Bell, Niagara Falls, aifikishe Great Falls, Montana, kituo ambacho ndege hizo zilipitia kwenda Alaska kukabidhiwa Wasovieti. Hali ya hewa ilimkwamisha njiani katika mji wa Fargo, na ilipotulia, tarehe 23, ndege nyingi zilifika Great Falls kwa pamoja, mojawapo ikiwa na redio mbovu. Ndege hiyo na ya Lee zilikaribia kutua kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine. Mnara wa kuongozea ndege ukaamuru zipande, Lee akatii, zikagongana na kuwaka moto. Alifariki baada ya siku mbili.

Msikimbilie kumlaumu yule wa redio mbovu, kwa maana mimi pia nimewahi kuondoka na redio inayokatikakatika. Nililijua tatizo lile kabla ya kuwasha injini. Lakini nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, mwenye ndege alikuwa ameahidi kunipa nyingine ya kupeleka, nami niliamini kwamba kijana asiye na mjomba katika biashara hii akikataa ndege moja haitwi tena. Nilipokaribia uwanja kulikuwa kimya, nikauchukulia ukimya ule kuwa njia ni tupu, hadi nilipoona bawa jeupe chini ya pua ya ndege yangu. Nilipanda kwa kubahatisha tu. Yule mwenzangu alikuwa amenitangazia mahali alipo tangu mwanzo.

Basi redio ikisumbua mkiwa bado chini, iandikeni kwenye daftari la ndege na msiondoke, hata mwenye ndege akinuna. Ikifa mkiwa angani, kaeni nje ya mzunguko wa uwanja mpaka mhesabu ndege zote kwa macho, kisha mkishatua mpigieni fundi simu kabla ya kumpigia tajiri.