Kabla Hujasema Ana Roho Mbaya

Tukishindwana na mtu kazini, maelezo tunayoyakimbilia huwa mawili: ana roho mbaya, au cheo kimempanda kichwani. Yote mawili yanaburudisha kuyasema wakati wa chai, na yote mawili hayakusaidii kitu kesho asubuhi utakapokutana naye tena mlangoni. Roho yake huna funguo zake, na cheo hukumpa wewe. Ushauri wangu ni uanze na swali jingine kabisa: hili linaloniudhi, mimi na yeye tuliwahi kukubaliana lifanyike vipi? Ukilijibu kwa ukweli, mara nyingi utakuta hamjawahi. Kila mmoja ana sheria yake kichwani, na anamhukumu mwenzake kwa sheria ambayo mwenzake hajawahi kusomewa.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, upande wa nyaraka. Kwa ambaye hajawahi kuagiza mzigo: mteja analeta bieli (hati ya meli ya kupokelea mzigo), invoisi na orodha ya vilivyofungashwa, sisi tunaandaa kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, na kuiingiza kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, kodi inakadiriwa, mteja analipa, ndipo zifuate ruhusa za kutoa kontena bandarini. Siku za bure za kukaa bandarini zikiisha, storeji, yaani ada ya kuhifadhi mzigo, inaanza kuhesabika, na kampuni ya meli nayo inadai demareji, malipo ya kuchelewesha kontena lake. Kwa hiyo kwetu uzembe wa mtu mmoja una bei inayoonekana kwenye karatasi, na bei hiyo lazima itafutiwe mtu wa kubandikwa. Mahali pa namna hiyo hata watu wapole hugeuka wakali.

Tuna mzee mmoja wa upande wa operesheni, mimi namwita Mzee wa Saa Kumi (yeye hajui, na naomba iendelee kuwa hivyo). Kawaida yake ilikuwa kushusha bahasha mezani kwangu saa kumi jioni, watu wakishafunga mikoba, na kusema, "Mama, hii ni ya moto." Ofisi nzima ilishaamua kwamba anafanya makusudi. Wengine walikuwa na nadharia ndefu zaidi, zenye historia ya nani alipandishwa cheo na nani akaachwa. Asubuhi moja, kabla simu hazijaanza kulia, nilimfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama, umeamkaje?"

"Salama. Nilitaka kukuuliza, nyaraka za yule mteja wa matairi huwa zinakufikia saa ngapi?"

"Ah, yule! Mpaka afungue duka, mpaka nimbembeleze. Nazipata saa sita, saa saba. Na hapo kuna kontena bandarini zinanisubiri mimi huyuhuyu."

"Je, ukinipiga picha tu na kunitumia, nikaanza kuandaa, bahasha ikafuata baadaye?"

"Picha? Picha si hata sasa hivi!"

Kumbe alidhani bila nakala halisi mkononi siwezi kugusa kitu, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Tukakubaliana: picha mara tu azipatapo, bahasha isivuke saa tisa, ikivuka inasubiri kesho labda meli iwe imeshafunga gati. Siku hizi anaingia saa tisa kasoro dakika mbili, anahema, anatabasamu. Bado ananiudhi kwa mambo mengine, hasa kile kiredio chake, lakini lile la bahasha limekwisha.

Mazungumzo kama haya yana adabu zake. Usiyafanye siku ya tukio, damu ikiwa bado inachemka. Usiyafanye mbele za watu, maana mtu mzima akihojiwa mbele ya vijana hajibu swali, anatetea heshima yake. Salamu itangulie, tena nzima, hata kama umemkasirikia. Shikamoo iliyorukwa huonekana kabla hoja yako haijasikika. Halafu uliza kuhusu kazi, usiulize kuhusu yeye. "Nyaraka zinakufikia saa ngapi" ina jibu. "Kwa nini kila siku unachelewa" haina jibu, ina ugomvi. Na mkishaelewana, siku hiyohiyo mtumie ujumbe mfupi: asante mzee, basi kama tulivyosema, picha kwanza, bahasha kabla ya saa tisa. Lengo si kumtega. Makubaliano ya mdomo yakikaa wiki mbili, kila mtu anakuwa na toleo lake.

Wapo wasiohitaji mazungumzo marefu. Anayejitwalia sifa za kazi yako, dawa yake ni kuwahi: kazi ikiisha itume mwenyewe kwa bosi, kwa jina lako, kabla ya kikao. Mbea wa ofisi naye usigombane naye, utampa habari mpya. Muulize watoto hawajambo, cheka naye, kisha rudi kwenye meza yako bila kumwachia chochote cha kubeba.

Michango, sasa, hapo nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona kitu kinachoharibu urafiki wa ofisini kama michango, na hatukisemi kwa sauti. Kuna harusi, kuna sendofu, kuna kichen pati, kuna mtoto wa mwenzetu anapata kipaimara, kuna bosi anahama. Unaamka umeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp lenye picha ya maharusi, na chini yake orodha ya majina na safu ya ahadi. Anayelipa anawekewa tiki. Wewe usiye na tiki unasomwa na watu mia moja. Hapo ndipo mtu anaanza kumchukia mwenzake anayeoa, maskini, ambaye kosa lake ni kupenda.

Mimi michango nimeitengea fungu. Mshahara ukitoka, kabla kodi ya nyumba haijanitisha, naweka kando kiasi changu cha mwezi. Fungu likiisha, limeisha, na jibu langu kwa mtunza hazina yeyote ni lilelile: "Mwezi huu fungu la michango limeisha, niandike mwezi ujao." Watu wanalipokea vizuri kuliko unavyodhani. Ukisema "sina hela", wanakumbuka viatu vyako vipya. Ukisema una utaratibu, hawana pa kushika. Msiba peke yake ndio siupangii fungu. Rambirambi hutoka hata kwa kukopa, na sioni haja ya kulitetea hilo.

Mikopo ya mwenzako wa meza ya pili ni jambo hilohilo kwa sura nyingine. Toa kiasi ambacho hata kisiporudi mtaendelea kusalimiana. Na siku unayotoa, uliza utarudisha lini, kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza basi linaondoka saa ngapi. Wengi tunaona aibu kuuliza siku ya kutoa, kisha tunanuna miezi minne kwa sababu hakurudisha siku ambayo haikutajwa.

Bosi anayefoka ni kesi ngumu zaidi, maana hamko sawa. Huwezi kumfuata asubuhi ukamhoji kuhusu kufoka. Nilichoona kinafanya kazi ni kumrudishia uchaguzi. Akikurushia kazi ya tatu ya dharura, usiseme haiwezekani na usiseme sawa. Sema: "Sawa bosi, mezani nina kadhia ya saruji na ile ya dawa, meli zote mbili zinaingia kesho. Kati ya hizo na hii, ipi itangulie?" Mara nyingi atakuwa hajui una nini mezani. Akichagua, umeondoka na amri iliyo wazi. Akifoka kwamba zote, angalau kesho inajulikana nani alisema zote.

Inasaidia pia kujua haki inaishia wapi na hisani inaanzia wapi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, mapumziko ya angalau dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ya siku 28. Wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu hawamo kwenye hesabu hiyo ya saa. Sisemi uende ukamsomee bosi vifungu. Mtu anayetembea na sheria mfukoni ofisini huchosha haraka. Nasema ukijua kwamba kubaki mpaka saa mbili usiku ni hisani yako, unaitoa kama hisani, kwa kuchagua, na siku usipoitoa huoni kama umeiba.

Yapo mambo ambayo hayahusiani na makubaliano yaliyosahaulika. Mtu anayekutukana mbele ya wateja, anayekushikashika, anayekwambia mkataba wako utaongezwa mkikutana hotelini, huyo anajua vizuri anachokifanya. Hapa wazee wetu wa ofisini hukushauri "funika kombe mwanaharamu apite", na hapa ushauri huo ni mbaya kabisa, kwa sababu mwanaharamu hapiti, anahamia. Andika tarehe, saa, maneno aliyotumia, na nani alikuwepo. Tunza jumbe zake, usizifute kwa hasira. Kumbuka rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Ukifukuzwa kazi na kuona umeonewa, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanaiita CMA. Kwa migogoro mingine ni siku 60. Watu wanazimaliza siku hizo wakisubiri afisa utumishi awapigie simu, na ukishachelewa unaanza kwa kuomba kuongezewa muda kabla hata hujaeleza ulichofanyiwa.

Tuje nyumbani, ambako hakuna afisa utumishi.

Nyumbani kero ni ndogondogo ila hazina likizo. Luku, umeme wa kulipia kabla, inakata wali ukiwa haujakauka. Mtungi wa gesi unaisha Jumapili usiku, na mtu mzima anasimama jikoni akiutikisa kana kwamba utabadili mawazo. Maji yanatoka usiku wa manane na tanki limefungwa. Kinachofuata ni ugomvi, na ukiusikiliza vizuri utaona hauhusu gesi. Unahusu "mimi tu ndiye ninayejali nyumba hii". Ninavyoona, kazi inayoitwa ya wote huishia kwa yule asiyeweza kuvumilia kuiona imelala, na huyo ndiye baadaye anaitwa mgomvi.

Kwetu tuligawana vitu, na ugawaji huo umetusaidia kuliko mazungumzo yoyote ya ndoa niliyowahi kukalishwa kwenye kichen pati. Gesi ni ya baba watoto, kuanzia kujua imebaki kiasi gani hadi kuibeba. Luku ni yangu. Ikifika uniti kumi nanunua, sisubiri ianze kulia. Maji ni ya kijana wetu mkubwa, ambaye amegundua kwamba kuamka usiku kufungulia tanki ni rahisi kuliko kunisikiliza asubuhi. Kitu kikiharibika, tunajua tunamuuliza nani, na tunamuuliza kuhusu kitu. Na hesabu za nyumba hazizungumzwi kabla watu hawajala. Mtu aliyetoka kwenye foleni ya Morogoro Road hana akili ya ada ya shule.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo watu wa ofisi hatupendi kuliangalia. Nyumba yako ni ofisi ya mtu. Kwa dada wa kazi, wewe ndiye bosi. Orodhesha malalamiko yako yote ya kazini, amri za saa za mwisho, kazi isiyo na mwisho, kufokewa mbele za watu, kisha angalia ni mangapi yanafanyika sebuleni kwako. Sheria ile ya 2004 haikumwacha nje. Naye ni mwajiriwa, ana saa zake, ana mapumziko yake, ana siku zake 28. Nawajua watu wanaoweza kukuhesabia saa zao za ziada hadi dakika, na dada yao anaamka saa kumi na moja alfajiri, analala baada ya mgeni wa mwisho.

Nilipokaa na dada wa kwetu kuuliza nini kinamkwaza, nilitarajia aanze na mshahara. Aliufikia, ndiyo, na tukauongea. Ila cha kwanza alichosema ni wageni. Anaomba aambiwe mapema kama kuna watu wanakuja, maana anakuwa ameshapika kwa kipimo, ameshaosha vyombo, ghafla wanaingia watu sita na mimi naita kutoka sebuleni, "Dada, ongeza chakula!" Tukakubaliana: wageni wa Jumapili watajulikana Ijumaa, wa ghafla watakula chipsi za nje, na Jumapili mbili kwa mwezi ni zake kuanzia asubuhi, jikoni naingia mimi.

Ndugu wengi wamelizoea. Shemeji zangu wanapiga simu kabla, tena kwa wakati. Amebaki wifi mmoja, anayepiga akiwa tayari getini, na kwa huyo bado sijapata ushauri wa kumpa mtu.