Mnaokuja Lamu na vinasa sauti, nisikilizeni

Juzi nimepita Langoni nikaona vijana wawili wameketi barazani na mzee. Simu wameilaza juu ya jiwe, boti zinanguruma ufukoni, punda amefungwa hatua tatu kutoka hapo. Mmoja anasoma orodha: "Sema kaa. Sema paa. Sema njoo." Mzee anarudia kila neno kama alivyosomewa, kwa adabu, kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu. Nikapita, nikarudi, nikapita tena. Mwaka jana niliyaona hayo hayo Shela, na mwaka juzi Matondoni. Nimeshindwa kunyamaza. Nyinyi mnaokuja kuchunguza matamshi ya Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu, yashikeni haya.

1. Rekodini kwa WAV, faili isiyobana sauti, 44.1 kHz, biti 16, na zimeni ile kazi ya kinasa kujipandishia na kujishushia sauti chenyewe. MP3 hutupa vile vipande vya sauti ambavyo sikio linadhaniwa halitatambua vikikosekana, na WhatsApp nayo hubana kwa njia yake; anayetaka kupima harmoniki ya kwanza na ya pili, yale mawimbi yanayopandana kujenga sauti ya mtu, asikubali kutumiwa rekodi kwa WhatsApp hata na mamake. Vaeni hedifoni muda wote mnaporekodi. Punda mtamsikia mapema.

2. Usimtamkie mtu neno, wala usimpe karatasi. Tahajia yetu imesimama juu ya Kiunguja tangu mkutano wa Mombasa wa 1928, na haina alama ya mpumuo, ile pumzi inayofuata k, p au t, wala ya ile t ya menoni. Ukimpa Mwamu, mtu wa Lamu, orodha iliyoandikwa atakusomea Kiswahili cha shule. Atasema "cheka" na wewe ulikuja kutafuta "teka". Na hiyo teka ya kucheka, ulimi uko kwenye meno. Teka ya maji kisimani, ulimi uko kwenye ufizi. Kaa wa baharini ana mpumuo, kaa la moto halina. Paa wa porini anao, paa la nyumba halina. Sababu mmefundishwa darasani: ngeli ya 9 ilikuwa na nazali, sauti ya puani kama n, mbele ya kipasuo kama k au p, nazali ikaenda zake ikaacha pumzi. Sasa ukishamsemea mzee "kaa" kwa mdomo wako wa bara, unachopima kwenye spektrogramu, ile picha ya sauti, ni heshima yake kwako. Pelekeni picha. Bora zaidi, pelekeni kitu chenyewe.

3. Ridhaa. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili wa uzamili nilikuwa nikitafuta sifa za sauti za wanawake wazee wa mtaa wa Mkomani: wapi sauti inajaa pumzi, wapi inakwaruza. Bi mmoja alinipokea kama mwanawe. Nilivua viatu, nikaketishwa ndani kabisa, kahawa na halua zikaletwa. Fomu ya ridhaa nilimsomea yote, akatia dole gumba. Orodha ilituchukua dakika 40. Sauti ilitoka safi na haikunifaa kitu: njoo, cheka, macho, kila neno kama la redioni.

Tulipomaliza nilishukuru, nikafunga daftari, na kinasa sikukizima. Sikukusudia, nilipokea kikombe nikasahau. Mjukuu wake akaingia mbio. Bi akamwambia, "Ndoo hapa! Wateka nini?" T ya menoni, nzima, mbele ya maikrofoni. Kisha akanigeukia, akashusha sauti, akanieleza habari ya shemeji yake na deni la jahazi. Dirisha lilikuwa wazi, na vichochoro vya Mkomani mnavijua, punda wawili hawapishani. Anayepita nje humsikia aliye ndani akimeza mate. Kwa hiyo alisema kwa sauti ya chini iliyojaa pumzi.

Usiku ule nilifungua Praat, programu ya kupimia sauti, nikakiona nilichokuwa nikikitafuta miezi mitatu. Harmoniki ya kwanza imeinuka juu ya ya pili, na huko kwenye masafa ya juu ukungu wa kelele umetanda. Nililia kwa furaha. Nikakata sekunde 38, nikafuta jina la shemeji, faili nikaiita W07. Mwezi uliofuata nikaicheza kwenye semina mbele ya ukumbi mzima, mara tatu, ili wasikie vizuri.

Ukumbini alikuwamo msichana aliyezaliwa Mkomani. Hakuhitaji jina. Alimjua Bi kwa neno la kwanza, kama unavyomjua mama yako akiita kutoka jikoni. Mimi pale mbele nilikuwa nikieleza kwamba sifa za sauti humtofautisha mtu na mtu, na papo hapo nikiamini kwamba W07 imemsitiri mwenye sauti.

Habari ilifika Lamu kabla yangu. Niliporudi sikukaribishwa ndani. Mimi mwanamke, niliyekula sinia moja na binti zake, nikakalishwa dakani, pale ukumbi wa mlangoni, kama mwanamume mgeni aliyekuja kudai. Bi hakutoka. Alisema nami akiwa nyuma ya mlango, na safari hii sauti haikuwa na pumzi hata chembe: "Mwanangu, sauti yangu umeipeka wapi?"

Fomu ilikuwa mkobani, ina dole gumba lake. Sikuitoa. Ile ilikuwa ridhaa ya orodha. Habari ya shemeji alinipa mimi, mgeni wake mwenye kikombe mkononi, hakuipa mashine.

Siku ya tatu nilirudi na kompyuta. Nikamchezea faili yote, dakika 52, akaisikiliza amefumba macho. Akaniambia futa hapa mpaka hapa. Nikafuta mbele yake, na nakala ya diski, na slaidi. Aliniachia "Ndoo hapa! Wateka nini?" na kicheko cha mtoto, basi. Sura nzima ya tasnifu ilikwenda na zile sekunde 38, na Bi hakuniitikia salamu mpaka Idi mbili zikapita.

Kwa hiyo kinasa kizimeni mbele ya macho ya mtu, na aone taa imezimika. Kikija kitu kizuri nje ya orodha, mchezee mwenyewe asikie, umwombe upya. Na mtu akishusha sauti, kabla ya kupima chochote uliza anamficha nani.

4. Mnaokuja na majaribio ya uchakataji wa lugha akilini, yale ya kusoma neno kwa neno huku kompyuta ikihesabu milisekunde, msiazime sentensi zilizotungwa Nairobi. "Kiti hii imevunjika" masikioni mwa wengi wa bara inapita. Mvuvi mmoja wa hapa aliifikia, akaacha kubonyeza, akageuka kuuliza nani kaandika haya, na alitaka kujua kweli. Muda ule wote kompyuta iliuhesabu. Tena aliyeshika kibodi leo kwa mara ya kwanza, muda wake mwingi ni wa kidole. Mpeni sentensi za mazoezi nyingi kuliko mlizopanga.

5. Kwenye sauti ya mkwaruzo nyuzi za sauti hupiga polepole tena bila mpango, na Praat huweza kuwapa kidatu, yaani kimo cha sauti, maradufu au nusu ya kile cha kweli. Litazameni wimbi kwa macho yenu.

6. Misikiti ya mji huu imekaribiana, adhana moja ikimalizika nyingine ingali inaendelea, basi pangeni kazi baada ya swala, wazee wakiwa wamekwisha pumzika. Siku za Maulidi msipange kurekodi. Nendeni mkasikilize. Nakala ya rekodi iwe mbili, na moja isilale nyumba moja na kompyuta.

Nyinyi wawili wa Langoni, nimewaulizia, nimeambiwa mmefikia nyuma ya ngome. Kesho baada ya alasiri nitakuwa Mkunguni, pale uwanjani mbele ya ngome. Njooni na hiyo simu, na orodha pia, mimi nitaleta kinasa. Tutamwendea mzee pamoja. Orodha itabaki mfukoni. Nitambebea kaa mzima, amefungwa magando, tumweke pale barazani tusikie atamwitaje.